Milango Miwili ya Shangazi

Jirani yetu Mama Kipaza anasema mashine ilimshukuru kabla hajamaliza kuieleza shida yake. Anasema alikaa kwenye kiti pale mapokezi, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, akaandika la baba yake, na kabla hajafika kwenye swali la jicho gani, la kulia au la kushoto, kioo kikatoa herufi za kijani: "Asante! Ombi lako limepokelewa." Anasema aligeuka nyuma kuona kama kuna mtu anamfanyia mzaha. Hakumwona mtu. Akaiambia mashine kwa sauti, "We, sijamaliza," nayo ikamshukuru tena.

Kila akiisimulia inaongezeka. Jumatatu jioni alikuwa ameshukuriwa mara mbili. Jumanne asubuhi bombani ilikuwa mara nne, na mashine ilikuwa imemtaja kwa jina. Alipokuja kwetu Jumanne hiyo hiyo alasiri kuazima mkasi wa mama, tayari mashine ilikuwa imemshukuru tangu akiwa mlangoni, hata kiti hajakivuta.

"Mama Kipaza, punguza," mama akamwambia.

"Nipunguze nini? Muulize binti yako, si anafanya kazi humohumo?"

Mama akanigeuzia uso, lakini kwa upande, kama kuku. Siku hizi ananitazama kwa pembe ya jicho kwa sababu katikati kuna ukungu. Ile ya kushukuriwa mlangoni aliitunga mwenyewe. Yaliyobaki ni kweli, maana siku ile nilikuwa nimesimama palepale na ndoo, nyuma ya mlango ambako yeye hakuangalia.

Nafanya usafi na kuchemsha chai katika ofisi inayotengeneza kurasa za mtandaoni. Iko ghorofa ya pili: vyumba vitatu, jiko dogo la kuchemshia chai, na mapokezi. Ukuta wa mapokezi ni wa kioo, umeandikwa kwa herufi kubwa za bluu: HAKUNA KUSUBIRI. Hiyo ndiyo kauli ya Mkurugenzi wetu. Naifuta kila asubuhi, na alama za vidole huwa nyingi zaidi kwenye neno la pili, kwa sababu hapo ndipo wageni wanapoegemea wakati wanasubiri.

Mama ni fundi cherehani. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kila asubuhi kabla sijatoka namtungia uzi sindano kumi na mbili: sita nyeusi, nne nyeupe, mbili za rangi ya nguo aliyonayo siku hiyo. Nazichomeka kwenye kimto, kila rangi upande wake, ili azipate kwa kupapasa. Sindano zikiisha kabla sijarudi, anakaa na nguo mapajani. Mwezi uliopita alishona mkono wa gauni la mwalimu mmoja ndani nje. Mwalimu hakulalamika. Aliishukuru kazi, akaichukua, na hajarudi tena.

Ikaja habari kwamba madaktari bingwa wa macho watafika kwenye kliniki yetu kwa wiki moja na kupasua watu sitini, halafu hawarudi mpaka mwaka ujao. Majina hayapokelewi dirishani. Yanapokelewa kwenye ukurasa wa mtandaoni tu, na mwisho ni Ijumaa ya wiki ya pili, saa kumi na moja jioni. Kazi ya kutengeneza ukurasa huo ikapewa ofisi yetu.

Mafundi wako wawili. Mmoja tunamwita Bwana Kwa Ujumla, kwa sababu hawezi kuomba hata kijiko bila kuanza na maneno hayo. Mwingine ni Dada Miwani, ambaye miwani yake iko kichwani na yeye anaitafuta mezani.

Shida yao niliisikia mara nyingi nikifuta meza, mpaka naweza kuieleza. Mtu akifungua ukurasa, anaufungulia ndani ya kivinjari, ile programu ya kusomea mtandao. Vivinjari ni vingi, vya zamani na vya sasa, na havisikii maneno kwa namna moja. Ni kama watoto wa tumbo moja uliowatuma dukani: mmoja analeta chumvi, mwingine analeta sukari, wa tatu anarudi kuuliza ulisemaje. Kwa hiyo mafundi hawasemi na vivinjari wenyewe. Wanachukua kitu wanachokiita maktaba. Hakina rafu wala vitabu. Ni maandishi ya kompyuta yaliyokwisha kuandikwa na watu wengine huko waliko, na yanajua kila mtoto aambiweje. Maktaba hiyo pia hupeleka ombi la mtu kimyakimya, nyuma ya ukurasa, ili yeye aendelee kuandika bila ukurasa kuwa mweupe na kuanza kujifungua upya. Ombi linatoka, jibu linarudi, na aliyekaa kwenye kiti hajui kama kuna aliyetoka wala aliyeingia.

Maktaba za aina hiyo ni nyingi. Bwana Kwa Ujumla alikuwa na yake ya zamani, na Dada Miwani alikuwa na yake mpya, iliyobadilika kila Jumatatu. Wakafanya vikao tisa. Najua ni tisa kwa sababu vyote nilipeleka chai.

"Kwa ujumla, maktaba yangu imetembea dunia," alisema Bwana Kwa Ujumla.

"Imetembea mpaka imevimba miguu," akajibu Dada Miwani. "Yangu ni nyepesi kama unyoya."

"Ndiyo maana kila siku unaikimbiza. Ya kwangu ukiiweka, inakaa."

"Na jiwe nalo linakaa, kaka."

Kikao cha tisa Mkurugenzi aliweka kikombe chini. "Wekeni zote mbili."

Mafundi wakatazamana. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wamekubaliana.

"Bosi, hapana," akasema Dada Miwani. "Zote zinafanya kazi ileile."

"Basi itafanyika mara mbili. Sitaki ugomvi ofisini kwangu." Halafu akaongeza la pili. Alikuwa analichukia lile duara dogo linalozunguka kwenye kioo wakati ombi halijajibiwa. "Mtu akiliona anajua kwamba anasubiri. Asijue. Akishaandika jina tu, mshukuruni."

"Na kama ombi halijafika?"

"Litafika. Kwa nini lisifike?"

Wakaondoa duara na kuweka shukrani.

Sasa, kliniki ilikuwa imetoa sharti kwamba ukurasa ufanye kazi hata kwenye kompyuta nzee, kwa sababu zao ni nzee. Ili kujaribu, ofisi ikatafuta moja ya rika hilo na kuiweka mapokezi, na wasio na simu za maana wakaruhusiwa kuja kuitumia hadi saa tisa alasiri. Wakaiita Shangazi. Ilikuwa nzito, ikivuma, ikiwaka kwa muda wake, na hakuna aliyethubutu kuiharakisha. Mimi nilipewa amri moja juu yake, imebandikwa pembeni kwa karatasi: ZIMA SAA KUMI NA MOJA JIONI. Mkurugenzi aliogopa itashika moto.

Kwenye daftari la wageni niliandika kila aliyekaa mbele ya Shangazi: jina lake na la baba yake, jicho gani, namba ya simu na saa. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Daftari lilikuwepo na kalamu ilikuwepo.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri kupita kiasi. Ukutani kuna televisheni inayoonyesha namba moja kubwa tu: maombi yaliyofika. Ya wenye simu yalikuwa yakifika moja moja. Lakini mara mbili kwa siku namba iliruka. Sita kwa mpigo, siku nyingine nane, mara moja kumi na moja.

"Mnaona?" Mkurugenzi alitoka chumbani kwake akipiga makofi. "Wimbi! Watu wametuamini!"

Bwana Kwa Ujumla akachora mawimbi hayo kwenye karatasi ya mistari, akaandika kwamba kwa ujumla wananchi hupenda kuomba saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, yawezekana kwa sababu ya mwanga. Karatasi ikabandikwa ukutani, na ikawa kitu kingine cha kufuta vumbi.

Jumatatu ya wiki ya pili, saa nne asubuhi kabla hata mgeni mmoja hajafika, nikagombezwa. Jikoni mwetu kuna soketi yenye matundu mawili, na matundu yote yamekaliwa na chaja za mafundi kutoka asubuhi hadi jioni. Birika langu la umeme lilikuwa halina pa kuingia. Wao hawachomoi. Ukichomoa, wanarudisha kabla maji hayajapata joto. Kwa hiyo nilizoea kwenda mapokezi, nachomoa kile kisanduku chenye taa kinacholeta intaneti, nachemsha maji, nakirudisha. Dakika tano tu. Jumatatu hiyo Mkurugenzi alikuwa anaongea kwa picha na wakubwa fulani wa kutoa tuzo, na picha yake ikaganda akiwa amefumba jicho moja na kinywa kiko wazi.

"Nani kagusa intaneti?"

"Mimi, bosi. Nachemsha chai."

"Chai! Watu wanataka kunipa tuzo, wewe unachemsha chai! Kisanduku hicho kisiguswe tena. Chemshia kwa mlinzi chini."

Kuanzia hapo nikawa napanda ngazi na chupa ya chai. Na kuanzia hapo mawimbi yakakoma. Bwana Kwa Ujumla akaandika kwamba kwa ujumla watu wameridhika.

Hiyo ndiyo Jumatatu aliyokuja Mama Kipaza. Jumanne, baada ya mkasi na shukrani za mlangoni, mama alingoja mpaka jirani alipoondoka. Alikuwa amekataa wiki nzima. Nikifungwa macho nani atashona, nikipofuka je, waachie vijana. Sasa akasema, "Kama hata Mama Kipaza anakwenda, basi nami niandike. Sitaki awe ananisimulia sura yangu."

Jumatano asubuhi kabla ya kufagia nikamwandika kwa Shangazi, nikahakikisha nimejaza kila kitu, macho yote mawili. Nikashukuriwa. Kwenye daftari nikamwandika namba kumi na saba ya wiki hiyo. Jioni saa kumi na moja nikazima Shangazi, nikaenda nyumbani nikamwambia mama tayari. Akauliza nitamtungia sindano ngapi siku akirudi kutoka kliniki. Nikamwambia hata moja, atanitungia yeye.

Alhamisi simu ya mapokezi ikalia. Simu hiyo haipokelewi na mtu ila mimi, mafundi huandikiana hata wakiwa wamekaa meza moja. Alikuwa Sista wa kliniki, anayeshika orodha.

"Jamani, nyinyi mmelala? Majina ya wenye simu nayaona. Yale yenye alama ya mapokezi yenu, tangu Jumatatu, hata moja."

"Sista, watu wamekuja. Leo tu wamekuja sita."

"Mimi sijaona. Na wiki jana mlikuwa mnaniletea vizuri, mara mbili kwa siku kama dozi. Saa nne na saa tisa."

Nikamwomba amtafute mama. Hayupo. Nikamwomba amtafute Mama Kipaza. Hayupo, na huyo ni mtu ambaye hakosekani mahali.

"Nafasi zimebaki ishirini," akasema Sista. "Kwa mkono siruhusiwi kuandika. Yakifika kwenye mashine kabla ya kesho saa kumi na moja, nitayakubali. Baada ya hapo madaktari wanachapisha orodha hukohuko waliko, waliokubaliwa tu, basi."

Nikaenda kwa mafundi. Bwana Kwa Ujumla alifungua ukurasa kwenye kompyuta yake mpya, akaandika jina la uongo, likafika. "Kwangu inafanya kazi."

"Kwa Shangazi haifanyi, kaka."

"Kwa ujumla, hiyo itakuwa maktaba ya mwenzangu."

"Maktaba yangu?" Dada Miwani hata hakugeuka. "Yangu inapeleka. Ya kwake ndiyo inakaa. Si alisema inakaa?"

Nikawaacha. Usiku huo sikulala vizuri, nilikuwa nahesabu saa nne na saa tisa. Nani anaomba kwa dozi? Mimi najua kitu kimoja tu katika ofisi ile kinachotokea saa nne na saa tisa, nacho ni chai.

Ijumaa nilifika mapema, nikawasha Shangazi, nikakaa kwenye kile kiti chenyewe. Nikaandika jina lolote. Akanishukuru. Watu wote wakishashukuriwa huinuka. Mimi sikuinuka. Nikatazama kioo kizima, pembe kwa pembe, kama ninavyotazama sakafu kabla ya kupiga deki. Chini kabisa kushoto kulikuwa na mstari mdogo wa kijivu: inasubiri. Nikangoja robo saa. Inasubiri. Nikaenda kwenye meza ya Dada Miwani, nikafanya vilevile kwenye mashine yake huku ameenda kunawa. Mstari ulitokea na kupotea kabla sijapepesa.

Nikaenda jikoni kuosha vikombe. Birika langu liko juu ya rafu na soketi ina chaja mbili. Nikasimama na kikombe mkononi, maji yanamwagika.

"Dada Miwani," nilimwambia alipoingia, "Shangazi ana matundu mangapi?"

"Matundu ya nini, mdogo wangu?"

"Ya kuongelea na huko majina yanakoenda. Kwa wakati mmoja anaweza kuongea mara ngapi?"

Akacheka. "Mashine za zamani? Mbili tu. Vivinjari vya enzi hizo vina milango miwili kwa kila seva, yaani ile kompyuta inayopokea majina. Hizi zetu zina sita na zaidi."

"Na maktaba zenu zinatumia mlango?"

"Zinatumia. Kila moja inashikilia mlango mmoja muda wote, inasikiliza kama kuna habari mpya, ndiyo inavyojua..." Akaishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Yangu mmoja. Ya kwake mmoja."

"Na maombi ya watu?"

"Yako foleni."

"Foleni iko wapi?"

"Ndani ya Shangazi mwenyewe. Mlango ukifunguka yanapita. Intaneti ikikatika na kurudi, kwa mfano, maktaba zinahema kama dakika moja kabla ya kuanza kusikiliza tena, hapo yangepita yote kwa..." Akatazama birika langu. "Chai."

"Chai," nikasema.

"Sasa na yale yasiyopita, mpaka mtu akizima mashine..." Akanitazama. "Nani anamzima Shangazi?"

Nilikausha mikono kwanza. Kuna karatasi imebandikwa na mimi ni mtu wa kufuata karatasi. Siku nne mfululizo, saa kumi na moja kamili, nilikuwa nimebonyeza kitufe, na watu wote wa siku hiyo wakaondoka na mwanga wa kioo. Jumatano nilimzima mama yangu mzazi, halafu nikafunika mashine kwa kitambaa isipate vumbi.

Kikao cha kumi kikaitishwa palepale. Dada Miwani akaeleza. Dawa ilikuwa kutoa maktaba moja, kazi ya nusu saa. Ikabaki kujua ni ipi.

"Kwa ujumla, ya zamani ndiyo ilitangulia kuingia."

"Basi imezeeka, ipumzike."

"Ugomvi huo tena," akasema Mkurugenzi. "Hatutoi maktaba ya mtu. Tafuteni ya tatu, iwe inazipangia zamu hizi mbili. Itakuwa tayari lini?"

"Jumatano," wakasema wote wawili, kwa pamoja.

"Bosi," nikasema nikiwa na sinia, "orodha inafungwa leo."

"Ndiyo maana nataka tuwe makini." Alikuwa anarekebisha tai. Saa kumi alikuwa na wakubwa wa tuzo tena, kwa picha, na mara hii walitaka kuona namba.

"Seva yenyewe haiwezi kuzimwa na kuwashwa?" nikamuuliza Dada Miwani.

"Iko kwa watu wengine, mbali. Inataka barua," akanong'ona Dada Miwani.

Nikarudi mapokezi, nikafungua daftari la wageni. Simu na kompyuta nyingine zilikubali jina moja tu kila moja; Shangazi peke yake ndiye aliyeruhusiwa kupokea majina mengi. Tangu Jumatatu walikuwa watu ishirini na tisa. Nafasi ni ishirini. Mama alikuwa namba kumi na saba. Nitasema kweli, nilikaa na kalamu nikiutazama mstari wa kwanza kwa muda mrefu. Hakuna ambaye angejua. Halafu nikamzima Shangazi na kumwasha upya ili lile jina langu la majaribio lifutike, nikaanza na aliyekuja wa kwanza, mzee wa kutengeneza viatu, nikaandika hivyo hivyo kwa mpangilio. Nilipomaliza zilikuwa shukrani ishirini na tisa, na mstari mdogo chini uko palepale.

Saa kumi na dakika ishirini nikasikia sauti ya Mkurugenzi kupitia mlango. "Kwetu, waheshimiwa, mwananchi hajui maana ya kusubiri." Nikakamata waya wa kisanduku, nikauchomoa. Taa zikafa. Nikahesabu hadi sitini bila kuruka, nikaurudisha.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. "NANI KAGUSA..." Hakumaliza. Namba ukutani ilikuwa inapanda. Ikapanda mara tano, mara kumi, ikafika ishirini na tisa juu ya pale ilipokuwa, na ikasimama. Mkurugenzi aliitazama, kinywa bado kiko kwenye ile sura ya kugomba. Halafu mikono yake ikaanza kupiga makofi.

"Wimbi! Wameona wale? Wapigieni, wapigieni upya!" Akarudi ndani mbio.

Nilipiga simu kliniki. Laini yao ilikuwa na mtu; nilipoipata ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na tano.

"Yamefika!" Sista alisema kabla sijajitambulisha. "Nayaona yote hapa, yamekuja kama mvua. Nimeshaanza kuyabonyezea Kubali kwa mpangilio. Mama yako huyu hapa, kumi na saba. Nimemkubali."

Nikakaa kwenye kiti cha wageni. "Ahsante, Sista. Mungu akubariki."

"Na Mama Kipaza wenu nimemkubali. Kazi nyepesi siku hizi. Unabonyeza tu, inakushukuru hapohapo."

Nikasimama tena. "Inakushukuru hapohapo?"

"Papo kwa papo. Zamani tulikuwa na lile duara, linazunguka mpaka unasikia kizunguzungu."

"Sista, unabonyezea wapi? Si simu yako?"

"Simu wapi, mwanangu! Wiki jana ndiyo nilitumia simu. Bosi wenu ametuandikia barua kwamba tutumie kompyuta ya kliniki, ndiyo rasmi. Simu tumeambiwa tuziache nyumbani."

"Kompyuta ya kliniki ikoje? Ni nzito? Inavuma?"

"Kama kinu. Ni nzee kuliko mimi."

Ukutani saa ilionyesha kumi na dakika arobaini na nane. Dada Miwani alikuwa amesimama mlangoni, ameielewa simu kwa upande wangu tu, amejiziba mdomo. Bwana Kwa Ujumla alitokea nyuma yake, akaitazama saa.

"Sista, nisikilize. Angalia chini kabisa ya kioo, kushoto. Kuna mstari mdogo wa kijivu?"

"Mh. Upo. Unasema inasubiri. Inasubiri nini tena? Si nimeshabonyeza?"

"Sista, usifunge kitu. Usizime. Hapo kuna kisanduku chenye taa kinacholeta intaneti..."

"Ngoja kidogo, kuna mgonjwa anashikilia ukuta huku." Kisha nikasikia simu inawekwa juu ya meza, haikukatwa, imelazwa tu. Viatu vikaenda. Kiti kikaburuzwa. Kwa mbali mtu akauliza choo kiko wapi, akajibiwa, akauliza tena.

Kwetu Mkurugenzi alikuwa ametoka na funguo mkononi, anatabasamu na tai imelegea. "Wamefurahi sana! Haya, Ijumaa, tufunge. Mzime Shangazi." Sikumzima. Niliigeuzia mgongo ile karatasi ya pembeni.

Viatu vikarudi. Vikasimama karibu na simu, nikamsikia Sista anahema, na karatasi zinapangwa pamoja kwa kugongwa mezani, kama mtu anayejiandaa kwenda nyumbani.

"Sista," nikasema kwa sauti ambayo Mama Kipaza mwenyewe angeitambua, "naomba uchomoe ule waya wa intaneti, uhesabu hadi sitini, uurudishe. Naomba, kabla hujazima, maana wote uliowakubali bado wamo ndani ya mashine yako. Sista? Unanisikia?"